Kujiandaa kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Kujiuguza Baada Yake

Upasuaji wa kupunguza uzito huchukua kati ya saa moja na saa tatu, na wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache. Kazi kubwa iko kabla na baada ya saa hizo: wiki za maandalizi, miezi ya kujifunza kula upya, na maisha yote ya kumeza vitamini na kupima damu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshaonana na daktari, akaelezwa kwamba anafaa kufanyiwa upasuaji, na sasa anataka kujua afanye nini nyumbani, jikoni na kliniki. Pale maelekezo ya daktari wako yanapotofautiana na haya, fuata yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua tumbo lako limekatwa na kuunganishwa vipi.

Jua unachofanyiwa

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Ya kwanza ni slivu, ambapo daktari hukata na kuondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo na kubakiza mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hushangaa kuona hawasikii njaa katika miezi ya mwanzo. Ya pili ni baipasi, ambapo hutengenezwa kijifuko cha mililita 30 hivi sehemu ya juu ya tumbo, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Puto linaloingizwa tumboni kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na kutolewa baada ya miezi kadhaa, huduma ambayo Watanzania wengi wameisikia kutoka Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji, na taratibu zake ni nyingine.

Tofauti ya slivu na baipasi itaonekana katika maisha yako ya kila siku. Slivu inaweza kuzidisha kiungulia, kwa hiyo mtu anayeamka usiku akiwa na tindikali kooni amweleze daktari kabla aina ya upasuaji haijachaguliwa. Baipasi humfanya mtu apungukiwe na vitamini kwa urahisi zaidi, na humkataza dawa fulani za maumivu maisha yake yote.

Kuhusu nani anafaa, vigezo vya mwaka 1991 vilitaka BMI, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita, iwe 40 au zaidi, au 35 ikiwa mtu ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari bingwa wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi mengine, na kati ya 30 na 34.9 kwa wenye maradhi kama kisukari cha aina ya pili. Mtu wa sentimita 165 mwenye kilo 110 ana BMI ya 40. Kwa wastani mgonjwa hupungua robo hadi asilimia 30 ya uzito wake wote ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo huyo wa kilo 110 atarajie kufika kwenye kilo 77 hadi 83, na asije akajihesabu ameshindwa kwa kuwa hajafika 60.

Maandalizi

Vipimo vya damu kabla ya upasuaji havihusu wingi wa damu na sukari peke yake. Omba pia upimwe madini ya chuma, vitamini B12, folati (foliki asidi) na vitamini D, kwa sababu watu wengi wanene huingia chumba cha upasuaji wakiwa tayari wamepungukiwa, na upungufu huo ni rahisi kuurekebisha wakati tumbo bado ni zima. Tumbo limulikwe kwa endoskopi na upimwe bakteria wa H. pylori, ambao wameenea mno katika nchi zetu na husababisha vidonda vya tumbo. Wanaofanyiwa baipasi wana sababu ya ziada ya kusisitiza kipimo hiki: tumbo la zamani litabaki ndani, lakini kamera ya kawaida haitaweza tena kulifikia kwa urahisi. Mwulize pia unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Mtu mwenye tatizo hilo huhitaji uangalizi maalumu anapopewa nusukaputi, na daktari hawezi kulijua usipomwambia.

Sigara, shisha na ugoro viachwe angalau wiki sita kabla, na visirudiwe, kwa sababu tumbaku huchelewesha mshono kupona na huleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kwa kawaida hutakiwa kuviacha mwezi mmoja hivi kabla na kutumia njia nyingine, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Taja pia dawa za mitishamba, hata zile unazoona ni chai tu, kwa kuwa baadhi yake huongeza kutokwa na damu.

Wiki mbili za mwisho wagonjwa wengi huwekwa kwenye mlo mkali wenye wanga kidogo sana, na hapa ndipo watu wengi huvunja masharti kwa sababu hawajaelezwa faida yake. Ini hukaa juu ya tumbo, na daktari anayepitia matundu madogo lazima alinyanyue ili aone anapokata. Kwa mtu mnene ini huwa kubwa, zito na lenye mafuta, hivyo huziba njia na huweza kuchanika likiguswa. Ukiondoa ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, soda na juisi kwa siku 14, ukala mayai, samaki, kuku asiye na ngozi, mtindi usio na sukari na mboga za majani, ini husinyaa na kulainika. Yule anayefanya sherehe ya kuagana na chakula usiku wa kuamkia upasuaji anamwongezea daktari wake ugumu na yeye mwenyewe hatari. Angalizo kwa wenye kisukari: dozi ya insulini na ya vidonge vinavyoshusha sukari lazima ipunguzwe na daktari kabla ya kuanza mlo huu, la sivyo sukari inaweza kushuka hadi mtu apoteze fahamu.

Tumia muda huohuo kujizoeza mambo matatu ambayo baadaye hayatakuwa ya hiari: kutafuna tonge hadi liwe rojo, kuacha vinywaji vyenye gesi, na kutenganisha maji na chakula kwa nusu saa. Panga pia fedha. Iulize bima yako kwa maandishi kama inalipia upasuaji wenyewe, matibabu ya matatizo yatakayojitokeza na vipimo vya miaka ijayo, kisha uweke kando gharama ya vitamini ya kila mwezi kama unavyoweka kodi ya nyumba.

Wengi hufanya upasuaji huu kwa siri, wakihofia maneno. Naielewa hofu hiyo, na hakuna ulazima wa kuutangazia ukoo mzima. Hata hivyo nasisitiza kwamba watu wawili wazima mnaoishi nao wajue, wajue na jina la upasuaji, kwa sababu ukizidiwa usiku wa manane wao ndio watakaomweleza daktari wa zamu.

Wanaosafiri kwenda India au Uturuki wana jambo moja la kulikamilisha kabla hawajalipa: kumpata daktari wa nyumbani, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au popote waishipo, atakayekubali kuwafuatilia wakirudi. Kuvuja kwa mshono wa ndani kunaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya upasuaji, wakati ambapo aliyekupasua yuko ng'ambo ya bahari. Usikubali tarehe ya kurudi iliyobanwa ili kuokoa gharama ya hoteli. Safari ndefu ya ndege ukiwa umekaa huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo uliza kuhusu sindano za kuzuia kuganda, na ukiwa ndani ya ndege simama utembee. Rudi na ripoti iliyoandikwa, inayotaja aina ya upasuaji na kilichofanyika.

Hospitalini

Utatakiwa kusimama na kutembea siku ileile au kesho yake asubuhi, hata kama mwili unagoma. Kutembea huzuia damu kuganda, hufungua mapafu na huondoa gesi iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji, ambayo huweza kusababisha maumivu ya mabega. Utaanza kwa maji, funda dogodogo, kikombe kidogo kikichukua saa nzima. Usiondoke wodini kabla ya kupewa namba ya simu ya kupiga usiku, orodha ya dawa zilizobadilishwa na tarehe ya kliniki.

Jikoni

Chakula hurudi kwa hatua. Siku ya kwanza au mbili ni vimiminika vyepesi. Kisha wiki mbili hivi za vimiminika vizito kama maziwa, mtindi mwepesi na supu iliyochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni vyakula vilivyosagwa hadi kuwa laini. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini vinavyopondeka kwa uma. Na chakula cha kawaida huanza taratibu baada ya hapo. Hospitali hutofautiana kidogo katika wiki hizi, lakini mpangilio ni uleule.

Ugumu uko katika mazoea yetu ya kumuuguza mtu. Mgonjwa kwetu hupewa uji, mtori, viazi vilivyopondwa na supu ya mifupa, vyakula laini vinavyotolewa kwa upendo, lakini vingi ni wanga, na supu ya mifupa ni maji yenye ladha na protini kidogo. Mtu aliyepasuliwa anahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kila siku ili mshono upone na misuli isiyeyuke pamoja na mafuta, na tumbo lake linapokea vijiko vichache tu kwa mlo. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi hakifikishi hata gramu 3. Ukikipika kwa maziwa badala ya maji, hukaribia gramu 10, na ukikorogea vijiko vikubwa vitatu vya maziwa ya unga, huongezeka gramu 6 nyingine. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, na samaki aliyepikwa, gramu 100, hupita gramu 20.

Kwa hiyo mpishi wa nyumba aelezwe mapema, kwa upole na kwa mifano. Dagaa waliooshwa vizuri, wakachemshwa na kusagwa pamoja na nyanya na karoti, kisha wakachujwa, ni chakula bora cha wiki ya tatu, na ni cha bei nafuu. Choroko zilizokobolewa zipikwe hadi zivurugike, sangara au changu achemshwe na kupondwa kwa mchuzi wake, yai lichemshwe liwe laini, mtindi usiwe na sukari. Sahani inapofika, anza na protini, kisha mboga, na wanga uje mwisho kama bado kuna nafasi; mara nyingi haitakuwapo. Ugali, wali mkavu, mkate na nyama ya kuchoma ndivyo hukwama zaidi, kwa hiyo visubiri, na vingine huenda visirudi kamwe katika hali uliyoizoea.

Kula kwa dakika 20 hadi 30, tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na uweke kijiko chini kati ya tonge na tonge. Dalili ya kushiba haitakuja kama zamani. Wengine huhisi mgandamizo kifuani, wengine kwikwi au pua kuchuruzika, na tonge moja baada ya hapo huishia kutapikwa. Maji yafike lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa funda dogodogo, bila kuyanywa pamoja na chakula. Katika joto la Pwani mgonjwa anaweza kurudishwa hospitalini kwa kukaukiwa maji, hata kama mshono uko salama. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa tayari.

Sukari ni adui wa pekee kwa aliyefanyiwa baipasi. Juisi ya matunda, soda, chai yenye vijiko vitatu vya sukari au tende kadhaa kwa pamoja huporomoka hadi kwenye utumbo mdogo kwa kasi, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu hutoka jasho, moyo hudunda, tumbo husokota na kuharisha hufuata. Wengine huzidiwa baada ya saa moja hadi tatu, sukari ya damu inaposhuka ghafla. Wageni wanaokuja kukujulia hali na maboksi ya juisi washukuriwe, na juisi wanywe watoto.

Dalili za hatari

Katika wiki za mwanzo rudi hospitali mara moja, bila kusubiri asubuhi, ukiona mapigo ya moyo yanazidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika damu au choo cheusi kama lami. Kwetu homa yoyote hupewa jina la malaria, na huo ni mtego mbaya katika kipindi hiki. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini daktari wa upasuaji ajulishwe hata kikionyesha una malaria, maana mshono unaovuja nao huleta homa, na kila saa inayopotea ina gharama.

Kutapika mfululizo kwa siku mbili au tatu ni hatari kwa namna nyingine. Akiba ya mwili ya vitamini B1 ni ya wiki chache tu, na ikiisha ubongo huumia: mtu huona vitu viwiliviwili, huyumba akitembea, huchanganyikiwa. Katika zahanati nyingi anayetapika hutundikiwa dripu ya glukosi kwa nia njema, na glukosi hiyo ikitangulia, humaliza akiba ndogo iliyobaki. Mgonjwa au ndugu yake aseme wazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na aombe sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Sentensi hiyo moja ndugu zako waijue kwa moyo.

Dawa na vitamini

Dawa za kisukari na presha hupunguzwa mapema, mara nyingi kabla hata uzito haujashuka sana, kwa hiyo pima nyumbani na upeleke namba kliniki. Usijipunguzie mwenyewe na usiendelee na dozi ya zamani kwa mazoea. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu, zinazouzwa kila duka la dawa na kupigwa sindano kila zahanati kwa mgongo na maumivu ya hedhi, husababisha vidonda vinavyoweza kutoboka kwenye maungio ya baipasi. Aliyefanyiwa baipasi azikatae maisha yake yote, na wa slivu asizitumie bila daktari wake.

Vitamini ni za maisha. Kwa kawaida mtu huhitaji vidonge kamili vya vitamini na madini kila siku, vitamini B12 kwa kidonge cha mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa kwa siku, vitamini D, na madini ya chuma, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Kalsiamu na chuma vitenganishwe kwa saa mbili kwa kuwa huzuiana, na chuma kisimezwe kwa chai. Vidonge vya chuma na foliki asidi vinavyogawiwa kliniki za wajawazito havitoshi, kwa kuwa havina B12. Vibaya zaidi, foliki asidi huweza kuficha upungufu wa damu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, hadi mtu aje kulalamikia ganzi ya miguu. Pima damu kila miezi mitatu hadi sita katika mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka, hata ukijisikia mzima kabisa.

Miezi inayofuata

Usinyanyue ndoo za maji, mitungi ya gesi wala watoto wakubwa kwa wiki nne hadi sita. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingi hukatika. Kwa walio wengi hurudi, mradi protini na chuma havikupuuzwa. Kupungua haraka huleta vijiwe vya nyongo, ndiyo maana madaktari wengine huandika dawa ya kuvizuia kwa miezi sita. Pombe huingia damuni haraka na kwa nguvu kuliko zamani, na wako watu ambao hawakuwa walevi wakawa walevi baada ya upasuaji. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa.

Kwa mwanamke, uzito unapopungua hedhi iliyokuwa imepotea hurejea na mimba hupatikana kwa urahisi ambao hakuutarajia, ilhali inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki baada ya baipasi. Kijiti au kitanzi ni bora. Akipata ujauzito, awaeleze wakunga kwamba asinyweshwe glukosi kupima kisukari cha mimba, apimwe kwa njia nyingine. Waislamu na Wakristo wanaofunga wazungumze na daktari kwanza, kwa kuwa wengi hushauriwa kutofunga miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, pale maji na protini haviwezi kufidiwa usiku mmoja.

Maneno ya watu yatakuja. Katika jamii inayohusisha kukonda na ugonjwa au dhiki, utaulizwa unaumwa nini, na kwenye harusi utasukumiwa sahani ya pili na mtu anayekupenda. Chagua jibu fupi mapema, kama vile daktari amenipangia mlo, na ulirudie bila kueleza zaidi. Ukiona huzuni inakaa, au chakula kimegeuka cha kuogofya, sema kliniki kama unavyosema maumivu ya tumbo.

Mwisho, andika karatasi ndogo uiweke pamoja na kitambulisho chako: aina ya upasuaji, tarehe, simu ya daktari, usipewe diklofenaki, ukitapika upewe vitamini B1 kabla ya glukosi.